Wimbo wa Jina na Mlango wa Hekalu

Nilipokuwa fratri katika seminari kubwa, likizo moja tulikaa Goma, na njia yetu ya jioni ilipita karibu na kambi ya askari Wahindi wa Umoja wa Mataifa. Siku moja, jua likiwa limekwisha kuzama, tulisikia ngoma ndani ya kambi. Haikuwa ngoma ya vita wala ya michezo. Mtu mmoja alianza peke yake, maneno mawili au matatu tu, wengine wakaitikia maneno yale yale, akayarudia, wakayarudia, na matoazi madogo yakaenda yakizidisha mwendo mpaka sauti zote zikawa kama mto mmoja. Katekista mzee aliyekuwa pamoja nasi akasimama, akasikiliza muda mrefu, kiisha akaniuliza: « Fratri, wale wanamwita nani? Na mbona hawachoki kumwita? »

Sikuwa na jibu. Katika masomo ya filosofia tulikuwa tumepewa kurasa chache juu ya dini za Asia: Veda, Upanishadi, mafundisho ya roho kuzaliwa tena na tena. Ni mambo ya wenye elimu. Juu ya watu wanaoimba jioni hapakuwa na neno. Tangu siku ile nimetafuta, na haya ninayoyaandika ni matunda ya kutafuta kwangu. Siyaandiki kwa kuwa tumekosa nyimbo. Nayaandika kwa kuwa historia ya wimbo ule ina swali ndani yake linalotuhusu sisi tunaowaimbisha watu kila Dominika: je, watu wanaoimba pamoja wamekwisha kuwa kitu kimoja?

Wimbo wa namna ile huitwa kirtani. Neno limetoka katika Sanskriti, lugha ya vitabu vitakatifu vya Wahindu, na maana yake ni kutangaza, kutaja kwa sifa. Wakitia mbele yake neno lenye maana ya « pamoja », husema sankirtani, kutangaza kwa watu wengi. Kinachotangazwa ni jina: Hari, Krishna, Rama, Vitthal, kufuata inchi na desturi. Mwimbishaji hutoa, kundi huitikia. Mara nyingine jina peke yake ndilo linalorudiwa saa nzima; mara nyingine mwimbishaji hutia shairi la mtakatifu wao fulani, kiisha hurudi kwenye jina. Hakuna anayekaa kusikiliza tu kama katika tamasha. Asiyejua shairi anajua jina, na kwa jina lile ameingia.

Sababu yake imeandikwa katika kitabu kiitwacho Bhagavata Purana, ambacho wataalamu wengi wanakiweka karibu na karne ya 9 au ya 10. Kitabu hicho chataja njia 9 za bhakti, yaani upendo wa kujitoa kwa Mungu. Ya kwanza ni kusikia, ya pili ni kirtani. Tena chafundisha kwamba katika zamani hizi za mwisho, zamani mbaya, kuimba jina kunampa mtu yale ambayo watu wa kwanza waliyapata kwa kutafakari, kwa sadaka kubwa na kwa ibada ya hekalu. Tuangalie vizuri maana ya fundisho hilo. Asiyejua Sanskriti, asiye na mali ya kutoa sadaka, asiyeruhusiwa kusoma Veda, huyo naye ana ulimi. Basi ulimi unatosha.

Wapenzi wasomaji, ili tuone uzito wa neno hilo ni lazima tukumbuke kasta. Wahindu waligawanyika tangu zamani katika jamii za kuzaliwa: mtu huzaliwa ndani ya jamii yake, huoa ndani yake, hula pamoja na watu wake, wala hatoki. Juu wamo Wabrahmani, wenye kusoma Veda na kutumikia mahekalu. Chini kabisa, nje ya hesabu yenyewe, waliwekwa wale walioitwa wasioguswa, wenye kuondoa mizoga, kufagia, kutengeneza ngozi. Hao hawakuingia hekaluni, wala hawakuteka maji katika kisima cha wengine.

Vyombo vya kirtani ni vichache. Katika Bengali, upande wa mashariki, hupiga kholi, ngoma ya udongo yenye ngozi pande mbili, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba. Mpigaji huivaa shingoni ili aweze kutembea na kucheza. Pamoja nayo yako matoazi ya shaba. Siku hizi husikiwa pia kinanda cha kuvuta upepo, kile kile armoniumu tulichokikuta katika makanisa ya misioni. Kumbe chombo hiki ni mgeni kwao kama kwetu: kilitengenezwa Paris, karibu na mwaka 1842, na Wazungu wakakipeleka Uhindi, mafundi wa Calcutta wakakifupisha miguu ili mtu akipige akiwa amekaa chini. Wakubwa wa muziki wa Kihindi hawakukipenda, na redio ya serikali ilikikataza tangu mwaka 1940 hata 1971. Waimbaji wa kirtani hawakujali sana.

Kuimba kwa lugha ya watu kulianza upande wa kusini, kwa Watamili, kati ya karne ya 6 na ya 9, kwa washairi wanaoitwa Alvari na Nayanari, ambao kati yao walikuwamo wanawake na watu wa chini. Lakini aliyeitoa kirtani nyumbani akaitia barabarani alikuwa mtu wa Bengali, na habari zake zafaa kusimuliwa polepole.

Alizaliwa mwaka 1486 Nabadwip, mji wa kando ya mkono mmoja wa mto Ganga, uliojaa shule za Sanskriti. Jina lake lilikuwa Vishvambhar, lakini watu walimwita Nimai. Alikuwa Mbrahmani, mwalimu wa sarufi, kijana mwenye ulimi mkali aliyependa kuwashinda wenzake katika mabishano. Kila mmoja wetu amekwisha kukutana na fratri wa namna hiyo. Alipokuwa na umri wa miaka 22 hivi alikwenda Gaya kumfanyia marehemu baba yake ibada ya wafu. Kule alikutana na mtawa mmoja, Ishvara Puri, akapokea kwake jina la Krishna. Alirudi Nabadwip mtu mwingine. Katika darasa alishindwa kufundisha sarufi. Kila neno alilolifungua aliliona ni jina la Mungu, akilia mbele ya wanafunzi. Mwishowe akafunga shule.

Kwa muda wa karibu mwaka mzima yeye na rafiki zake waliimba usiku katika nyumba ya mtu mmoja, Shrivasa, milango ikiwa imefungwa. Majirani walinung'unika. Wengine walisema hawapati usingizi. Wengine waliogopa kwamba mfalme atakasirika, kwa maana Bengali ilikuwa chini ya masultani Waislamu, na aliyetawala wakati ule alikuwa Husain Shah. Kadhi wa mji akakataza kirtani, na katika nyumba moja ngoma ikavunjwa. Nimai akatoa amri: jioni kila mtu alete mwenge. Wakatoka maelfu, makundi kwa makundi, wakiimba katika barabara za mji mpaka kwenye mlango wa kadhi.

Hapa mwanahistoria ana kazi. Kitabu cha kwanza cha maisha yake kwa Kibengali, kilichoandikwa na Vrindavana Dasa miaka michache baada ya kufa kwake, chasema kwamba watu walikuwa na hasira, wakaharibu nyumba ya kadhi na bustani yake. Kitabu cha pili, cha Krishnadasa Kaviraja, kilichokuja miaka mingi baadaye, chawataja waharibifu kwa maneno machache, kiisha chakaa juu ya mazungumzo: kadhi akatoka, akamwita Nimai mpwa wake, kwa kuwa babu wa Nimai upande wa mama alikuwa kwa kadhi kama baba mdogo, kwa ujirani wa kijiji. Nimai naye akamwita mjomba. Wakaketi, wakasemezana, na kirtani ikaachwa huru. Vitabu vyote viwili ni vya wanafunzi wanaompenda. Mimi nadhani cha kwanza kimekaa karibu zaidi na moto wa usiku ule, na cha pili kimechagua kukumbuka kilichofaa kukumbukwa. Lakini ujomba wa kijiji siwezi kuuona kama uzushi. Ni neno dogo mno na la kweli mno. Watu wanaogombana juu ya dini kwa kawaida wametoka kisima kimoja.

Mwanzoni mwa mwaka 1510 Nimai alinyoa nywele, akawa mtawa, akapewa jina la Chaitanya. Kwa ajili ya mama yake, aliyekuwa mjane, hakukaa mbali sana: alichagua Puri, mji wa hekalu la Jagannath kando ya bahari katika inchi ya Orissa, na baada ya safari ndefu za kusini na za Vrindavan alikaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1533. Yeye mwenyewe hakuandika kitabu. Beti 8 tu za Sanskriti ndizo zinazohesabiwa kuwa zake.

Katika Puri kila mwaka hutolewa magari makubwa ya mbao, na sanamu za hekalu hupandishwa juu yake na kuvutwa kwa kamba mbele ya watu wote. Siku hiyo Chaitanya aliwapanga waimbaji wake. Krishnadasa ametuachia hesabu: makundi 7, kila moja na ngoma 2, jumla 14, mwimbishaji mmoja, waitikiaji, na mtu wa kucheza. Kiongozi yeyote wa kwaya atatambua hapa mtu anayejua kazi yake. Tusidhani kwamba kulia na kuanguka kwa furaha kulifuta utaratibu.

Mmoja wa waliocheza siku ile alikuwa Haridas. Na kwa Haridas tunaufikia mlango.

Haridas, kadiri ya mapokeo, alizaliwa katika nyumba ya Waislamu. Alilipenda jina la Hari, akalitaja mara 300,000 kila siku, nyingine kwa sauti, nyingine kimya. Vrindavana Dasa asimulia kwamba wakubwa walimshitaki kwa kuiacha dini ya wazazi, wakaamuru apigwe katika masoko 22 mpaka afe. Naye aliwaombea wapigaji wasihesabiwe dhambi. Msomaji wa Injili atashituka hapa, wala si vibaya kushituka. Mtu huyo alipofika Puri, hakuingia katika hekalu la Jagannath hata siku moja. Aliyezaliwa kama yeye hakuwa na ruhusa, naye hakutaka kumletea mtu fujo. Alikaa bustanini, mahali alipoweza kuliona kwa mbali gurudumu la chuma juu ya mnara wa hekalu, akalisujudia kutoka pale. Barabarani, mbele ya magari, aliimba na kucheza pamoja na Wabrahmani. Magari yaliporudi na mlango kufungwa, yeye alirudi bustanini.

Chaitanya alifanya nini? Hakuuvunja mlango. Kila siku alitoka hekaluni akaenda bustanini kumtazama rafiki yake. Haridas alipokufa, Chaitanya aliuchukua mwili mikononi mwake, mwili ambao Mbrahmani hakupaswa kuugusa, akacheza nao, akauzika katika mchanga wa pwani kwa mikono yake. Kiisha akaenda mlangoni pa hekalu, akatandaza nguo yake, akawaomba wauza vyakula chakula cha matanga.

Nimesoma habari hiyo mara nyingi na bado sijui niseme nini. Ni jambo kubwa kabisa. Hata hivyo mlango ulibaki. Hekalu la Jagannath halikubali watu wasiozaliwa Wahindu hata leo; mwaka 1984 hata Indira Gandhi, waziri mkuu wa Uhindi, alizuiliwa, kwa kuwa mumewe alikuwa Mparsi.

Baada ya Chaitanya kirtani ya Bengali ilipata walimu na sheria za muziki. Narottama Dasa, ambaye hakuwa Mbrahmani, aliita mkutano mkubwa Kheturi, katika Bangladesh ya leo, na kule ikapangwa namna ya kuimba polepole, kwa heshima, ambayo mabwana wa kirtani wanaitunza. Wabrahmani wengine walipiga magoti mbele yake wawe wanafunzi wake, jambo lililowaudhi wenzao sana. Sitaendelea na Bengali, kwa maana swali letu limeandikwa wazi zaidi upande wa pili wa Uhindi, karibu kilometa 1,500 kutoka Nabadwip, katika inchi ya Maharashtra, na tena karne mbili kabla ya Chaitanya.

Kule, katika mji wa Pandharpur, limo hekalu la Vitthal, ambaye Wahindu wanamhesabu kuwa ni Krishna. Sanamu yake imesimama juu ya tofali, mikono kiunoni, kama mtu anayengoja mgeni. Mwaka 1290 kijana Jnaneshvar alimaliza kufafanua Bhagavad Gita kwa Kimarathi, lugha ya wakulima, katika mashairi ya kuimbwa. Rafiki yake Namdev, mshonaji wa nguo, ndiye aliyekuwa bwana wa kirtani. Waliomzunguka Namdev walikuwa watu wa kazi za mikono: mfinyanzi, mtunza bustani, mfua dhahabu, na mtumishi wa kike, Janabai, aliyetunga mashairi akisaga nafaka.

Kati yao alikuwamo Chokhamela, Mmahar, yaani mmoja wa wasioguswa, mwenye kazi ya kuondoa mizoga. Mkewe Soyrabai, mwanawe, dada yake na shemeji yake, wote walikuwa washairi. Mashairi ya Chokhamela hayana unyonge wa kujifanya. Anampenda Vitthal, na anamwuliza wazi kwa nini amemwumba hivi kama hataki aingie. Maana Chokhamela alisimama nje. Aliimba mlangoni, wala hakuvuka kizingiti. Yasimuliwa kwamba mwaka 1338, katika mji wa Mangalvedha, yeye na Wamahar wenzake walikuwa wakijenga ukuta wa mji kwa kazi ya lazima. Ukuta ukawaangukia wote. Namdev alikwenda kutafuta mabaki yake katika kifusi, akainua mfupa mmoja mmoja, akautia sikioni. Ule uliotoa jina la Vitthal akaujua kuwa wa Chokhamela. Akauleta Pandharpur, wakauzika mbele ya mlango mkubwa wa hekalu. Nje.

Waliokuja baadaye waliimba mashairi ya Chokhamela katika kirtani zao, Wabrahmani pia. Jambo hilo lifikiriwe kwa utulivu: kwa miaka zaidi ya 600 watu waliyaimba ndani maneno ya mtu ambaye wajukuu wake hawakuruhusiwa kuingia kuyasikia.

Wanaoimba katika Maharashtra wanaitwa Wavarkari, maana yake watu wa safari. Kila mwaka, kati ya mwezi wa Juni na wa Julai, huenda kwa miguu mpaka Pandharpur. Hubeba katika machela viatu vya fedha vya watakatifu wao, vya Jnaneshvar kutoka Alandi na vya Tukaram kutoka Dehu. Kutoka Alandi ni mwendo wa kilometa 250 hivi, karibu siku 20, kwa kuimba njia nzima. Hutembea kwa vikundi vinavyoitwa dindi, kila dindi na ngoma yake, matoazi yake na bendera za rangi ya udongo mwekundu. Wanapokutana hugusana miguu, mzee na kijana, bila kuulizana kuzaliwa.

Tukaram, aliyezaliwa mwaka 1608, alikuwa muuza nafaka wa jamii ya wakulima. Njaa kubwa ya mwaka 1630 ilimuua mke wake wa kwanza na mtoto wake. Duka likaanguka, akaanza kutunga; mashairi zaidi ya 4,000 yanahesabiwa kuwa yake. Wabrahmani fulani walikasirika kwamba mtu wa chini anatangaza mambo ya Veda kwa lugha ya soko, wakamlazimisha kuvitupa vitabu vyake mtoni. Mapokeo yasema kwamba baada ya siku 13 vilielea juu, vikavu. Mto Indrayani siwezi kuuita mahakamani kutoa ushuhuda. Ninalolijua ni kwamba mashairi yale yalikuwa yamekwisha kuingia midomoni mwa watu, na kilichomo midomoni hakizami. Mwanawe Narayan ndiye aliyeanza, mwaka 1685, kuubeba msafara wa machela.

Katikati ya karne ya 20 mwanamke mmoja mtaalamu wa desturi za watu, Irawati Karve, Mbrahmani, aliifanya safari hiyo kwa miguu na kuiandika kwa Kimarathi. Aliiona furaha ile, akaipenda. Lakini aliona pia kwamba katika dindi moja, Wabrahmani na wasio Wabrahmani waliimba pamoja barabarani, kiisha jioni wakapika kila watu motoni pao na kula mbalimbali. Jambo hilo lilimwumiza kila siku ya safari. Alijiuliza kama kutembea pamoja na kuimba pamoja kunawaunganisha watu kwa ajili ya mbinguni tu, na hapa duniani utengano ubaki ulivyo. Aliuliza akiwa ndani, mwenye vumbi miguuni, ndiyo maana swali lake linauma.

Hapa msomaji mmoja atasema: « Hayo ni ya Wahindu. » Ndugu, tusiende upesi.

Si mbali na Pandharpur ipo Goa, ambako Wareno walitawala. Mwaka 1579 alifika kule padri Myezuiti, Mwingereza, Thomas Stephens. Alijifunza lugha za watu mpaka akazishika kama mzaliwa. Wakristu wapya walikuwa wamenyang'anywa mashairi yao ya kale, na katika kitabu cha Stephens chenyewe yasimuliwa namna mmoja wao alivyomwuliza padri: mmetukataza vitabu vyetu, basi tuimbe nini? Akawatungia Kristapurana, historia ya wokovu tangu kuumbwa kwa ulimwengu mpaka Bwana kupaa mbinguni, beti karibu 11,000, kwa Kimarathi, kwa kipimo kile kile cha Jnaneshvar. Ilipigwa chapa mwaka 1616, ikaimbwa makanisani Dominika na sikukuu. Mwaka 1684 serikali ya Wareno ikatoa amri kwamba watu waiache lugha yao katika miaka 3 na kusema Kireno. Kristapurana ikaokoka katika nakala za mkono, zilizoandikwa na watu waliokataa kuisahau. Nikisoma maneno ya Konsilio ya pili ya Vatikano ya mwaka 1963, yanayotaka muziki wa kila taifa upewe heshima yake katika ibada, humkumbuka padri huyo, aliyeyatenda miaka 347 kabla hayajaandikwa.

Lakini kuna jengo lingine. Vadakkankulam, katika inchi ya Watamili, kanisa lilijengwa mwaka 1872 lenye nyumba mbili ndefu zinazokutana altareni, kama miguu ya suruali: upande mmoja kasta ya juu, upande wa pili kasta ya chini, na ukuta katikati. Padri mmoja, altare moja, zaburi moja. Waliimba pamoja, wakisikiana bila kuonana. Ukuta ulibomolewa mwaka 1910, na ulileta magomvi mengi. Nataja jambo hilo kwa haya, kwa maana waliolijenga walikuwa wamebatizwa na walifundishwa Waraka kwa Wagalatia. Kirtani si litania yetu, na jina la Krishna si jina la Yezu, nisieleweke vibaya. Ila juu ya ukuta, hatuna haki ya kuwacheka.

Turudi Pandharpur. Mwaka 1891 alizaliwa kwa Wamahar, jamii ya Chokhamela, mtoto aliyeitwa Bhimrao Ambedkar. Baba yake, askari, alikuwa mfuasi wa Kabir, na katika nyumba yake watoto waliimba nyimbo za ibada kila siku. Mtoto akakua, akasoma New York na London, akawa mwanasheria, mtetezi mkubwa wa wasioguswa, na mkubwa wa kamati iliyoandaa Katiba ya Uhindi ya mwaka 1950, inayofuta jambo la kutoguswa. Kitabu chake cha mwaka 1948 juu ya wasioguswa amekitolea kwa kumbukumbu ya watakatifu watatu wa jamii hizo, mmoja wao Chokhamela. Lakini njia ya Chokhamela hakuifuata. Aliona kwamba uimbaji umewafundisha watu wake uvumilivu, na kuwapa wengine machozi mazuri, na mlango haujasogea. Tarehe 14 Oktoba 1956, Nagpur, aliiacha dini ya Kihindu akawa Mbuda, na watu kwa mamia ya maelfu pamoja naye. Mimi ni padri, simshangilii mtu anayeiacha sala ya baba yake. Ila namwelewa zaidi ya ninavyowaelewa waliomwimbia Chokhamela na kuzuia wajukuu wake.

Mlango wa Pandharpur ulifunguliwa kabla ya hapo, mwaka 1947. Mwalimu mmoja, Mbrahmani, aliyejulikana kwa jina la Sane Guruji, alizunguka Maharashtra akiwahimiza watu, kiisha tarehe 1 Mei akaanza kufunga chakula pale Pandharpur mpaka wasioguswa waruhusiwe kuingia. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Pandurang, nalo ni jina la Vitthal mwenyewe. Tarehe 10 Mei wenye hekalu walikubali. Wapo waliosema kwamba aliwalazimisha. Ni kweli, aliwalazimisha, kwa njaa yake mwenyewe. Mwaka 2014 mahakama kuu ya inchi ikaziondolea pia familia za makuhani haki yao ya urithi juu ya hekalu lile.

Kaburi la Chokhamela halikuhamishwa. Liko pale pale mbele ya mlango mkubwa, karibu na kidato kinachoitwa cha Namdev. Wasafiri wanaofika kwa miguu, sauti zimekwisha kwa kuimba siku 20, huinama hapo kwanza, huligusa jiwe kwa mkono, kiisha hupanda na kuingia.